Kisima Kilichofukiwa

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani liwali alifariki bila kumtaja wa kushika nafasi yake. Maamiri wawili wakaugombea mji. Mmoja akawakusanya Waislamu, mwingine Wakristo, na kila mmoja akanadi kuwa anaitetea dini. Jamani! Watu ambao msikiti na kanisa viliwaona kwa nadra, leo ndio walinzi wa dini! Lango la kati ya mitaa miwili likafungwa, damu ikamwagika.

Katika mtaa wa Waislamu aliishi Bi Shuhda binti Mikdadi, mwanachuoni mcha Mungu. Mwanawe wa pekee, Hudhaifa, alikuwa mateka ng'ambo ya lango, na hakujua kama atamwona tena. Huko ng'ambo aliishi mtawa Samaani, ambaye Bi Shuhda alijadiliana naye dini miaka mingi, wala hakuna aliyemgeuza mwenziwe. Sharti lao lilikuwa moja: humjibu mwenzio mpaka ulieleze dai lake, naye aseme, "Naam, ndivyo."

Bi Shuhda akaomba lango lifunguliwe, wazungumze mbele ya watu wote.

"Mwanamke na mtawa!" amiri wa Waislamu akacheka. "Watazungumza nini, mapishi?"

"Hata mapishi, bwana mkubwa, wewe ungeyaunguza. Husikii mji unavyonuka moshi?"

Watu wakaangua kicheko. Amiri akaona haya kukataa.

Mtawa akaanza. "Waislamu wanasema tuliwateka vijana wao siku ya suluhu, wakiwa wanazika."

"Msaliti!" mtu akapiga kelele nyuma yake. Mtawa hakugeuka.

"Naam, ndivyo," akasema Bi Shuhda.

Ikawa zamu yake. Akazitaja nyumba zilizochomwa na mifugo iliyoporwa. Mtawa akatikisa kichwa. "Bado, Bibi."

Bi Shuhda alijua kilichobaki.

"Wanasema tulikifukia kisima chao."

"Naam, ndivyo."

Sharti lilikuwa limetimia. Angeweza kunyamaza hapo, maana watu wake wote walikuwa wakiapa kuwa kisima kiliporomoka chenyewe. Lakini Hudhaifa alikuwa amekiri kwa mamaye kabla ya kutekwa.

"Na ni kweli," akasema. "Aliyekifukia ni mwanangu."

Amiri wa Waislamu akafoka: "Umemchinja mwanao, mama!"

"Nilimwomba Mola anihifadhie mwanangu. Sikumwomba ruhusa ya kusema uongo."

Ndipo mjane mmoja wa Kikristo, Maryamu, aliyekuwa akichota maji katika kisima hicho, akasogea mbele. "Mtu akisema hivi juu ya mwanawe, mimi nitapigana naye kwa lipi? Mleteni huyo kijana akifukue kisima. Na wale mashujaa wetu waliowateka wazikaji, nao washike majembe!"

Hudhaifa na waliomteka wakachimba pamoja. Maamiri waliita watu vitani, hakutoka mtu. Wazee wa mitaa yote miwili wakaketi, wakamchagua liwali kwa kauli moja.

Bi Shuhda hakubatizwa, na Samaani hakusilimu. Walibishana hadi mauti, Mungu awe radhi na waja wake wakweli.

Nasi, ndugu zangu, tunaopanda majukwaani kila uchaguzi na kuwaapiza wenzetu kwa jina la Mungu: nani kati yetu awezaye kulieleza dai la anayemchukia, mpaka yule mwenyewe aseme, "Naam, ndivyo"?