Kishindo cha Bondeni

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wakiwa bado na serikali yao, mambo yote yaliamuliwa kwa kishindo. Hoja ikisomwa, wanaoikubali hupiga miguu chini, kisha wanaoipinga. Kishindo kikubwa ndicho hushinda. Sasa niambieni, pimbi atamshindaje tembo?

Bi Pimbi alilijua hilo, ndiyo maana hakuwahi kukanyaga barazani. Ila siku moja akasikia kwamba Mzee Tembo, mwenyekiti, na wenzake Kifaru na Kiboko wanaitaka chemchemi iwe yao ya kuogea. Wadogo wakanywe maji bondeni. Na bondeni ni tope tupu. Mwanawe wa kwanza alizama huko. Moyo ulimuuma, maana alikuwa na wengine watatu.

Akaenda.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Kifaru akaangua kicheko.

"Sikupotea, mzee wangu. Naona tu hoja ya bondeni tukaipigie kishindo huko huko bondeni. Ninyi wakubwa muwe wa kwanza kupakanyaga. Heshima hiyo mtamwachia nani?"

Tembo alipenda heshima kuliko miwa, na bondeni kwenyewe hakuwahi kufika. "Kesho asubuhi," akasema.

Bi Pimbi akapita mlango kwa mlango, kwa digidigi, kwa nguchiro, kwa kanga, hata kwa fuko.

"Sisi twende tukaseme nini?" wakanung'unika.

"Njooni tu. Mkikaa nyumbani, watawasemea."

Kulipokucha, wadogo wakajipanga ukingoni, juu ya gogo kavu lenye uwazi ndani. Wakubwa wakashuka kwa maringo hadi katikati.

"Wanaokubali," akasema Tembo.

Wakapiga miguu. Chubwi! Tope likawafika magotini. Wakapiga tena. Chubwi! Likawafika tumboni. Kishindo hakuna.

"Na wanaopinga?" akauliza Bi Pimbi.

Ndi! Ndi! Ndi! Kwato na kucha zote juu ya gogo, bonde zima likavuma.

Tembo akajaribu kuchomoa mguu, ukagoma. "Kumbe bondeni ndiko huku? Mbona hamkutuambia?"

"Mlituuliza lini, mwenyekiti?"

Wadogo wakakata matawi, wakayatandika, wakubwa wakatoka mmoja mmoja wameona haya. Hapo hapo, tope likimchuruzika, Tembo akatangaza kwamba chemchemi ni ya wote kwa zamu, na hakuna hoja itakayopita kabla wadogo hawajaulizwa.

Basi wanangu, jambo linalokuhusu likiamuliwa, nawe uwepo useme.