Sinia la Bwana Shekue

Tumbo la Bwana Shekue lilikuwa likitangulia kuingia mlangoni, naye akifuata.

Daktari alipomwamuru apungue, alimtupia daftari mpishi wake, Mwanakombo. "Andika kila unachonipakulia. Nisipopungua mwezi huu, kazi huna. Na ole wako sinia langu lipungue!"

"Sawa, bwana. Ila utakula nje barazani, penye upepo."

Mwezi ulipoisha, kanzu ilimpwaya. Akapekua daftari: pilau ile ile, kuku wale wale.

"Umenitilia dawa gani?"

"Sikutia kitu, bwana. Muungwana akila barazani humkaribisha mpita njia."

"Kweli, niliwakaribisha. Lakini mbona kila adhuhuri walipita wanaume wanne?"

Mwanakombo akainamisha macho.

"Wale wajomba zangu, bwana. Wao daktari kawaambia wanenepe."