Bibi Eufrasia Aliyeikalia Drami

Wapo vijana wanaodhani kwamba methali isemayo "Penye wazee haliharibiki neno" inawasifu wazee kwa kujua kila kitu. Wanakosea. Bibi Eufrasia wa Bariadi hakujua lolote kuhusu bei ya ala za muziki, na hata hivyo ni yeye aliyeokoa mambo siku ile.

Upepo ulikuwa umeiezua nyumba yake, ukayatupa mabati mbali yakiwa yamejikunja kama majani makavu. Bibi akahamia kwa mjukuu wake Veronica, katika chumba kimoja cha kupanga. Kila jioni aliyatazama mawingu na kusema, "Mvua inakuja, na mimi sina kwangu." Maneno hayo yalimchoma Veronica moyoni.

Kitu pekee cha thamani kilichosalia kilikuwa drami za marehemu Mzee Ndalahwa, mume wa Bibi. Enzi zake, mzee huyo alipiga katika bendi iliyowachezesha wakulima kila baada ya mauzo ya pamba.

"Ndalahwa hatapiga tena," Bibi alisema. "Uzeni, nirudi kwangu."

Veronica alitafuta mnunuzi kwa simu, akampata Danford wa Mwanza, mtu anayekusanya ala za zamani. Akaahidi kuja Jumapili. Asubuhi ya siku hiyo, Bibi akiwa kanisani, Veronica alizitoa drami uani kuzifuta vumbi. Jirani yake Masalu, fundi wa mageti, akazikagua huku amekunja uso.

"Dada Vero, rangi hii imekufa. Si bluu, si kijani. Kama maji ya lambo ng'ombe wakishakunywa!"

"Sasa nifanyeje, na mtu yuko njiani?"

"Niachie mimi. Nikizipulizia nyekundu ya geti, huyo wa Mwanza atatoa hela huku anacheka."

Veronica akapiga moyo konde, akakubali. Masalu akaanza na drami ndogo kuliko zote. Ikawaka wekundu kama pilipili iliyoiva. Alikuwa anaigeukia ya pili Bibi alipotokea mlangoni, rozari ikiwa bado mkononi.

"Mnafanya nini?"

"Tunazipendezesha, Bibi, zipate bei."

Bibi alikwenda moja kwa moja hadi kwenye drami kubwa, akatandika kanga yake juu, akaketi. Ngozi ya plastiki ikanung'unika.

"Bibi, inuka tumalize," Veronica akasihi. "Ni kwa ajili ya nyumba yako."

"Malizeni na mimi. Nipakeni nyekundu." Kisha akamkazia macho mjukuu wake. "Sikiliza, ng'wanone, mwanangu. Babu yako na mimi tumeuza pamba miaka yote. Wenzetu walitia maji, wakatia mchanga, mizani ikawasifia. Sisi hatukutia. Kukipaka rangi kitu unachokwenda kukiuza ni kutia mchanga kwenye pamba. Mnunuzi akione kama kilivyo, akikikataa akikatae."

"Bibi, hii si pamba," Masalu akanong'ona.

"Na wewe si mwanangu, ningekuchapa."

Wakawa bado wanabishana pale Danford alipobisha hodi.

"Mwangaluka, Bibi," alisalimu kwa Kisukuma chake cha kubahatisha. Bibi akaitikia bila kuinuka. Macho ya mgeni yakatua kwenye ile drami nyekundu, uso ukamshuka kama aliyesikia habari za msiba.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Masalu akasema. "Ni rangi ya geti, kaka, haitoki ng'o."

"Hapo ndipo penye tatizo."

Danford alimwomba Bibi ainuke. Bibi akainuka shingo upande. Mgeni akafungua kipande cha chuma kilichoshikilia ngozi, na pale kilipokuwa kimekaa pakaonekana bluu kali inayometameta kama manyoya ya shingo ya kanga. Veronica akapigwa na butwaa.

"Hii ndiyo rangi yenyewe," Danford alieleza. "Gamba la juu limegeuka manjano kwa uzee, ndiyo maana bluu inaonekana kama kijani. Ilitengenezwa kwa muda mfupi, na drami zilizobaki na rangi hii ya kiwandani ni chache mno. Wenzangu wanaoziwinda hutazama rangi kwanza, sauti baadaye. Nyekundu hata kesho naipata dukani."

"Tungezipaka zote je?" Veronica akauliza kwa sauti ndogo.

"Ningekunywa chai yenu, nikawashukuru, nikarudi Mwanza mikono mitupu."

Alizinunua zote, ile nyekundu akiichukua kwa bei ya ndoo. Fedha zilitosha mbao na mabati ya nyumba nzima. Masalu, kwa soni, alipanda mwenyewe juu kupigilia misumari na hakudai ujira.

Mvua ya kwanza ilipoanza kulitwanga paa jipya, Veronica alipiga magoti mbele ya Bibi yake.

"Asante, Bibi. Asante sana. Ulijuaje kwamba rangi ile ni mali?"

"Sikujua," Bibi Eufrasia akacheka. "Niliogopa aibu tu. Inuka, ulete viazi, maji yamechemka."

Veronica akainuka, akayafuta macho yake, akaleta viazi. Hakika, penye wazee haliharibiki neno. Na likianza kuharibika, huishia kwenye drami moja.