Siku Ngoma ya Raha Iliponyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kando ya bahari, na tajiri mmoja akiitwa Bwana Mshamu. Alikuwa na mashua, jina lake Raha. Haikuvua samaki, haikubeba mizigo. Kazi yake kumtembeza mwenyewe tu. Ndani mazulia, mito ya hariri, kitanda cha samadari, na ngoma kubwa. Raha ikipita, tindi! tindi! tindi! Watu mbio pwani na sahani, maana Bwana Mshamu alikuwa mkarimu wa halua.

Basi vikaja vita. Maharamia wakashuka kijiji baada ya kijiji, wakachoma nyumba, wakafunga watu minyororo. Wazee wakainamisha vichwa barazani. Akainuka Bi Kidawa, mkunga aliyewapokea karibu wote pale walipozaliwa.

"Mshamu mwanangu, tupe Raha ilinde pwani."

"Bibi, mashua ile ni ya starehe."

"Starehe ya nani, tukishafungwa?"

Bwana Mshamu akaitazama Raha yake. Ilimuuma, lakini akaitoa. Watu wakaingia. Toa mazulia! Toa mito! Toa samadari! Yeye kasimama mchangani anafuta machozi kwa kanzu. Msimcheke, kila mtu ana chake cha kukililia.

"Hata mto mmoja, Bibi?"

"Hata mmoja. Mashua ya doria iwe nyepesi."

Wakapatana: adui akionekana, ngoma ilie, watu wakimbilie msituni. Wakajaribu. Tindi! tindi! tindi! Lo, kijiji kizima mbio pwani, na sahani mikononi. Wazee wakafoka, wakajaribu tena. Sahani zikaongezeka.

Bi Kidawa akacheka mpaka akakaa chini. "Mashua mmeigeuza, masikio ya watu hamkuyageuza," akasema. "Waacheni na ngoma yao. Ilie kutwa. Siku ikinyamaza, kila mtu msituni."

"Nitapiga mimi," akasema Bwana Mshamu. Hakuweza kuiacha Raha iende bila yeye.

Ikawa tindi, tindi, tindi. Raha inazunguka pwani, wanawake wanatwanga kwa mapigo yake, watoto wanacheza. Asubuhi moja Bwana Mshamu akainua macho. Chombo cha maharamia hicho, kikubwa, kimejaa mali za watu. Maharamia wakasikia ngoma, wakadhani ni arusi. Wakampungia mikono, wakacheka.

Bwana Mshamu akapima. Akiendelea kupiga, watampita, yeye na Raha yake watapona. Akinyamaza, watashtuka, watamvamia. Tindi... tindi... Akaziona moyoni zile sahani mikononi mwa watu. Akavitupa vijiti vya ngoma baharini.

Kimya.

Kule kijijini Bi Kidawa alikuwa akipepeta mchele. Mkono ukasimama hewani. "Imenyamaza," akasema, na ungo ukaruka huko. Kijiji kizima, puku puku puku, msituni!

Maharamia wakaigeukia Raha.

"Tupite juu ya mwamba ule uliozama," Bwana Mshamu akawaambia mabaharia wake.

"Bwana, tutapasuka."

"Tungepasuka kama samadari ingekuwamo. Leo tu wepesi."

Tanga likajaa. Raha shwaaa, ikateleza juu ya mwamba, ikapita! Maharamia nyuma yake, na uzito wao wote wa mali ya wizi. Kwaaacha! Chombo chao kikapasuka katikati, na hakuna aliyeshuka pwani ile isipokuwa kwa kuogelea, akapokewa na wanakijiji kwa kamba.

Vita vikaisha. Bi Kidawa akamwambia, "Mwanangu, sasa rudisha mito yako." Bwana Mshamu akarudisha mmoja tu, akamkalisha Bi Kidawa juu yake, akamtembeza. Ngoma ikaendelea kulia kila siku, watu walishaizoea.

Hata siku Bi Kidawa alipofariki, Bwana Mshamu akashindwa kupiga. Ngoma ikanyamaza. Na kijiji kizima kikakimbilia msituni, kikajificha. Akawafuata mwenyewe, analia.

"Rudini," akawaambia. "Hapana adui. Ametutoka aliyekuwa akitulinda."

Basi wanangu, kitu cha starehe siku ya shida huwa cha wote, na mwenye kukitoa hapungukiwi. Hadithi yangu imetia nanga hapo. Aliyesinzia aamshwe, asimuliwe na jirani yake.