Kinu Kilichokataa Kuitwa Kiti

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kinu?"

"Cha nyumbani!"

"Mchi?"

"Wa mama!"

"Na uji?"

"Wa asiyesinzia!"

Asiyesinzia, mmesema wenyewe. Khatibu, mbona shingo imeshalegea? Sogea huku, moshi usikuumize macho. Na wewe Riziki, uache huo moto, haujakukosea. Haya, tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, kabla mashine ya kusaga haijaonwa popote, palikuwa na mji uitwao Mtamani. Mji wa mawe, wenye ukuta, wenye lango, wenye mfalme. Mfalme jina lake Mwinyi Ngwali. Alikuwa na kilemba kikubwa, na tumbo kubwa kuliko kilemba, na askari wengi kuliko ng'ombe wa mji mzima. Na askari hula. Askari hatafuni ukuta, wanangu. Askari hutafuna jasho la watu.

Basi siku moja mpiga mbiu akapita mitaani. "La mgambo likilia kuna jambo! Mwinyi Ngwali anawapenda! Kwa kuwapenda kwake anajenga ukuta uwe mrefu zaidi, adui asiingie!"

Adui yupi? Hakuna aliyemwona. Hata mimi ninayesimulia simjui.

"Kuanzia leo ni marufuku kutwanga nyumbani! Vinu vya kutwangia viko uani kwa mfalme. Kila atakayetwanga ataacha fungu la mfalme. Na vinu vyenu vyote vitolewe, vikawe kuni za tanuri la chokaa!"

Wanawake wa Mtamani waliguna, wakasonya, wakalia, kisha wakavitoa. Vinu vya mama zao, vinu vya nyanya zao, vikatiwa motoni ili chokaa iive na ukuta upande. Fungu la mfalme likaanza kwa konzi moja ya unga. Mkasema konzi si kitu? Nao walisema hivyohivyo. Konzi ikazaa kibaba. Kibaba kikazaa nusu ya kapu. Ndivyo dhuluma inavyokua, huanza ikiwa ndogo ili uone haya kuikataa.

Sasa, karibu na lango alikaa mjane, jina lake Mwanamize. Alikuwa na watoto, na kashamba ka mtama, na kinu. Kinu chenyewe kilikuwa kinasema. Kilisema sana! Na mchi wake nao ulikuwa unasema, ila ulikuwa mwoga, maneno yake mengi yalikuwa "nyamaza".

Mwanamize alipiga hesabu kichwani. Mtama wake ukigawanywa nusu, watoto wake watalala na njaa. Akasema, "Kinu changu sikitoi."

Kikaitikia, "Na mimi sitoki!"

Mchi ukasema, "Nyamazeni, wanapita."

Ikawa kila mwanamke akienda uani kwa mfalme, Mwanamize hutwanga nyumbani. Alifunga mlango, akaziba dirisha kwa mkeka, akatwanga polepole. Lakini kinu hakijui polepole. Kinu kikipigwa huimba. Na wimbo wake ulikuwa huu, nanyi mtaniitikia:

*Twa! Twa! Twa!*
*Mtama wangu, mkono wangu,*
*jasho langu, jembe langu,*
*Mwinyi Ngwali kalima wapi?*

"Kalima wapi!"

Hasa. Kalima wapi!

Wimbo ukamfikia Akida Dadi, mkuu wa askari. Akaja na watu wake. "Hodi!"

Mwanamize akakipindua kinu kichwa chini, akatandika kipande cha mkeka juu yake, akakalia, akakunja nne. "Karibu, Akida."

"Kinu kiko wapi?"

"Mjane ana kinu, Akida? Mjane ana njaa."

"Na hicho ulichokikalia?"

"Kiti."

"Kiti gani kimenona hivyo?"

"Mbona na wewe Akida umenona, na hatukusemi kuwa u kinu?"

Askari wakaangua kicheko. Kule chini kinu kikaguna, "Mmmh!"

"Nini hicho?"

"Tumbo langu, Akida. Nimekwambia nina njaa."

Akida akaona haya, akaondoka. Mchi ukashusha pumzi. Watoto wakala ugali wakashiba. Mwanamize akacheka mpaka machozi, maana kumdanganya mkubwa kuna utamu wake, nisiwafiche.

Ikapita siku, akatwanga tena. Kikaimbaje?

"Twa! Twa! Twa! Mtama wangu, mkono wangu, jasho langu, jembe langu, Mwinyi Ngwali kalima wapi?"

Akida Dadi huyo mlangoni! Safari hii Mwanamize alikuwa amejiandaa na ngozi ya mbuzi. Akakifunika kinu mdomo na mtama umo ndani, akaifunga kamba.

"Leo ni nini hicho?"

"Ngoma, Akida."

"Ipige tuisikie."

Akaipiga. Ikalia *pu, pu, pu*, imejaa mtama hadi kooni.

"Ngoma gani ina mafua?"

"Ngoma ya maskini. Hulala nje kwenye umande."

Askari wakacheka tena. Akida hakucheka. Alimtazama Mwanamize, akasema, "Bibi, mimi nina mkubwa wangu. Nikirudi tena sitauliza." Akaenda zake.

Walipokwisha kuondoka, kinu kikasema, "Mwanamize."

"Sema."

"Mimi ni nani?"

"U kinu."

"Na mbele ya Akida mimi ni nani?"

Mwanamize akageuka kuchochea moto.

"Juzi kiti. Leo ngoma yenye mafua. Kesho utaniitaje, choo?"

Chekeni, chekeni, lakini chenyewe hakikucheka. Mchi ukadakia, "Nyamaza wewe, utatuunguza! Kiti hakichomwi!"

"Kweli kiti hakichomwi. Wala kiti hakitwangi. Mimi nimechongwa nitwange. Nikiishi kwa jina la mwingine, Mwinyi Ngwali atakuwa ameshanichoma bila kuni."

Maneno yale yalimwingia Mwanamize. Alikumbuka jinsi watoto wake walivyokaa kando wakimtazama akisema uongo kwa tabasamu, na mdogo wao ameshaanza kumwambia kila mgeni, "Hicho ni kiti." Aliona aibu, aibu hasa. Akaitoa ile ngozi, akaitupa.

Asubuhi, jua limeshawaka, akakibingirisha kinu hadi barabarani mbele ya lango, wanakopita wote, wakubwa kwa wadogo. Akakisimamisha, akatia mtama, akajifunga kibwebwe, akatwanga. Na safari hii hawakuimba kwa kujificha. Waliimba yeye na kinu pamoja, hata mchi ukaimba, sauti inatetemeka lakini unaimba. Haya, nanyi!

"Mwinyi Ngwali kalima wapi?"

Kalima wapi! Askari wakaja, wakamkamata yeye na kinu chake, hao, hadi kwa mfalme.

Mwinyi Ngwali alikuwa akila. "Wewe ndiye unayevunja amri yangu?"

"Ndimi, Mwinyi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wanangu wanalala na njaa na askari wako wanalala wakicheua kwa shibe."

"Askari wangu wanakulinda!"

"Wananilinda na nani?"

"Na adui!"

"Mwinyi," akasema Mwanamize, "huyo adui akija, atachukua nini ambacho wewe hujakichukua?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Mwinyi Ngwali akavimba mashavu, akapiga kelele, "Kichomwe! Kichomwe mbele yake! Na baada ya hapo atwange kwangu kama wenzake, au afe njaa!"

Kinu kikatupwa kwenye tanuri la chokaa. Hakikulia, wanangu, wala hakikuomba. Kiliimba ndani ya moto mpaka sauti ikakatika. Mwanamize alisimama pale hadi mwisho, machozi yanamtiririka, naye hakuyafuta. Mkononi aliukamata mchi, akaukumbatia, na hakuna askari aliyethubutu kumnyang'anya.

"Halafu kikafufuka, Bibi?"

Hapana, Riziki. Mti ukiungua umeungua. Msinidai kifufuke, ngano hii si ya kudanganyana.

Kulipokucha, Mwanamize akauchukua mchi wake na kapu, akaenda uani kwa mfalme. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na mtama wake, macho chini. Alipopita wakampisha, kama anavyopishwa mfiwa. Akakiendea kinu kikubwa kuliko vyote. Akakung'uta kapu lake. Tupu. Akainua mchi, akapiga.

*Ko! Ko! Ko!*

Wanawake wote wakashtuka. Mnajua kwa nini? Kwa sababu kinu kitupu hakitwangwi. Ni mwiko. Kinu kitupu kikipigwa, humwita njaa aje kwa mwenye kinu. Watu wa Mtamani waliogopa mwiko huo kuliko nyoka.

"Mwanamize!" wakamwambia. "Umeingiwa na nini? Unaita njaa!"

"Namwita. Lakini tazameni anakokwenda. Kinu hiki cha nani?"

"Cha mfalme."

"Na hicho hapo?"

"Cha mfalme."

"Na kile kule pembeni?"

"Cha mfalme."

"Kuna hata kimoja kilicho chetu katika mji huu?"

Wakatazamana. "Hakuna. Alivichoma vyote."

"Basi njaa ataingia nyumba ya nani?"

Mmeona, eeh? Yule bwana aliyetaka kumiliki vinu vyote, amemiliki na mkosi wake wote! Bibi mmoja mzee akacheka peke yake, hihihi, akaliweka kapu lake la mtama chini kando, akashika mchi. Akafuata wa pili. Akafuata jirani yake. Punde ua mzima unalia *ko, ko, ko*, mpaka ndege wakakimbia paani.

Akida Dadi akaja mbio. "Mnafanya nini?"

"Tunatwanga, Akida. Amri inasema tutwange hapa."

"Mnatwanga nini?"

Mwanamize akamwinamishia kinu akitazame ndani. "Fungu la mfalme ni nusu. Jichotee."

Akachungulia. Akachota nini? Akachota upepo.

Kuanzia siku hiyo wanawake walikwenda kila asubuhi, wakatwanga kinu kitupu, wakarudi na mtama wao mzima. Nyumbani walikula nini? Walikula mtama usiotwangwa, wa kuchemsha na maganda yake. Mgumu! Ulikwama kwenye meno, ukawauma matumbo, watoto wakalia wakitaka ugali. Mama zao wakawaambia, "Tafuna, mwanangu. Huu ni wako wote."

Na kwa mfalme? Ghala likapungua, likapungua, mpaka panya wakahama. Askari wa ukutani wakashuka wenyewe, wakarudi mashambani kwa mama zao. Jioni moja Akida Dadi akasimama mlangoni kwa Mwanamize, amekonda, hana mkuki, ana bakuli.

"Hodi, mama."

"Karibu, Akida. Kaa chini. Kiti changu ulikichoma."

Akainama, akakaa chini. Mwanamize akampakulia mtama wa kuchemsha, akala. Kumchukia alimchukia, lakini mtu mwenye njaa alimjua, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na njaa muda mrefu.

Mwisho Mwinyi Ngwali akatoka. Kilemba kilekile, tumbo si lile. Akawakuta wanawake uani, michi mikononi. Akamwendea Mwanamize, akamnong'oneza, "Wewe una akili. Nitakufanya msimamizi wa vinu vyangu vyote. Utapata fungu lako kila siku, na wanao hawatalala na njaa tena."

Mwanamize aliwafikiria wanawe, nisiwadanganye. Aliwafikiria sana. Kisha akanena kwa sauti, wote wasikie: "Mwinyi Ngwali anataka niwasimamie. Anataka niwaibie ninyi, nami nipate makombo. Mwinyi, sitaki."

"Unataka nini basi?"

"Vinu vitoke hapa."

"Na mimi nani atanitwangia?"

"Mikono unayo, Mwinyi. Mchi tutakuazima."

Akatazama kulia, hakuna askari. Akatazama kushoto, hakuna askari. Akaona lile jeshi lake lote lilikuwa unga, na unga ule ulikuwa wa hawa wanawake. Wanawake hawakungoja anene. Wakavilaza vinu, wakavibingirisha, *gudu-gudu-gudu*, hadi nje ya ua. Kila mtaa ukachukua chake. Wakambakishia kimoja, kidogo.

Asubuhi iliyofuata Mtamani iliamka kwa sauti ya vinu. Mtaa huu mapema, mtaa ule jua limepanda, mwingine umechelewa kwa uvivu wake. Kila mtu kwa wakati wake, na hakuna mlango uliofungwa. Na kule ndani ya jumba la mfalme kulisikika kinu kimoja kinapigwa ovyo, *ko*... kimya... *ko*... kimya... kama cha mtu anayejifunza, mikono inamtoka malengelenge.

Basi wanangu, mkubwa anaweza kukuchomea kinu. Hawezi kukulazimisha umjazie chake. Siku atakapowaambia kwamba kila kitu ni chake, mwitikieni: naam, na njaa nayo ni yako.

Nami ngano yangu naitua hapa. Aliyeshiba akalale, asiyeshiba aniulize kesho kwa nini.