Kwa Nini Tunapepesa Macho

Sechelela, acha kupikicha macho. Makapi ya uwele hayatolewi kwa kidole. Fumba, fumbua, fumba tena. Maji yako mwenyewe yatayatoa. Na ninyi wengine wekeni ungo chini mnisikilize, maana kazi hiyo ya kope mnaiona ya bure, kumbe iligombaniwa.

Ulikuwapo wakati ambapo kope za mtu zilikuwa na kazi moja tu, kufunga macho akilala. Alfajiri zilipanda, usiku zilishuka, na mchana kutwa macho yalibaki wazi. Machozi nayo yalikuwa ya msiba peke yake. Aliyetoa chozi pasipo maiti aliambiwa anawachuria wenzake kifo, na watu walimkimbia.

Wazee wetu wa enzi hizo walijivunia macho makavu, Mungu awasamehe. Kila uwele ulipoanza kukomaa, mlinzi alipandishwa ulingoni na kombeo lake kuwafukuza kwelea, na sifa yake ilikuwa kukaza macho tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Mama mmoja aitwaye Mbeho alilinda hivyo miaka saba. Kwanza macho yalimchoma, kisha yakawa mekundu, kisha ukaja ukungu, na mwisho giza. Watu walimsifu sana, halafu wakamwachia binti yake Nyemo kazi ya kumshika mkono.

Baada ya njaa mbili mfululizo, zamu ilimwangukia Nyemo. Shamba lilikuwa moja tu, nalo lilibeba mbegu yote iliyobaki kijijini. Mbeho alimpapasa usoni, akamwambia, "Mwanangu, uokoe uwele. Lakini macho yako ndiyo yangu. Ukiyapoteza, tutaongozwa na nani?"

Nyemo aliapa kushuka ulingoni na vyote viwili, uwele na macho.

Upepo wa mashariki ulivuma na vumbi lake, jua likawaka, na moshi wa mioto ya kufukuzia ndege ukampanda usoni. Siku ya tano alihisi mchanga ndani ya macho, na hakuna mchanga uliotoka. Alipikicha, ikawa balaa. Siku ya sita aliona kundi la ndege likija kwa chini chini, akavurumisha jiwe kwa nguvu zote. Kumbe kundi lenyewe lilikuwa kibuyu cha togwa cha mzee Chilewa, mkuu wa walinzi, naye alikuwa amekibeba begani. Wakati togwa ikimtiririka mzee wa watu, kwelea wenyewe walikuwa pembe ya pili wakijilia.

"Kaza macho, binti!" Chilewa alifoka. "Unalegea!"

Nyemo alikaza, na kadiri alivyokaza ndivyo alivyopungukiwa kuona.

Jioni alimwongoza mama yake korongoni kuteka maji. Mnajua visima vyetu vya mchangani, vinavyofunikwa kwa matawi. Siku hiyo kuna mtu aliyekiacha kisima chao wazi. Mbeho aliingiza mkono, akakuta tope.

"Nani kaacha kisima wazi?" alilalamika. "Jua na upepo vimekunywa maji yote! Kisima hufunuliwa, hufunikwa, hufunuliwa. Ndivyo maji yanavyodumu."

Nyemo alisimama na kibuyu chake mkononi, akamtazama mama yake machoni kwa muda mrefu. Uchungu ulimshika. Watu wazima na akili zao walifunika mashimo ya korongoni, macho wakayaacha wazi kwenye upepo uleule.

Asubuhi alipanda ulingoni, akaziamuru kope zishuke. Zilikataa, kama ndama asiyeijua kamba. Akazishusha kwa vidole, akaziachia, akazishusha tena. Zilimuuma, hakuacha. Jua lilipofika utosini zilikuwa zikishuka zenyewe, na maji yakaanza kujaa taratibu. Chozi moja likamdondoka, Chilewa akaliona.

"Unatuchuria!" alipiga kelele, watu wakakusanyika. "Shuka, tumpandishe mwingine!"

"Sishuki," Nyemo alisema. "Machozi haya si ya maiti, babu. Ni ya kazi. Hebu niambie, kwenye ule mgunga wa mwisho unaona nini?"

Chilewa alikodoa macho yake makavu. "Majani."

Nyemo alizungusha kombeo. Jiwe lilipofika, mgunga wote uliruka angani, kwelea watupu, na mti ukabaki miba mitupu.

Kisha mzee Chilewa, polepole, alipeleka vidole kwenye kope zake akaanza kuzishusha.

Uwele ulivunwa, mbegu ikapatikana. Macho ya Mbeho hayakurudi; siwezi kuwadanganya. Lakini siku ya mavuno alimpapasa tena binti yake, akakuta shavu limelowa, akashtuka.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Ninakuona vizuri tu."

Na tangu siku hiyo kope za binadamu hushuka na kupanda bila kuamriwa. Lakini hazijasahau uvivu wao wa zamani. Mtu akikodolea moto, au sindano, au hizo simu zenu, kope hulala kazini, na macho huchoma kama ya Nyemo. Sisi wazee, hata tukipepesa, kisima kimepungua maji. Ndiyo maana huku kwetu anayeshuka ulingoni hamwambii mwenzake "kaza macho". Humwambia, "Funika kisima."

Haya, Sechelela, funika kisima, ushike ungo wako.