Bibi Nakiete na Mfereji wa Mahande

Mfereji ukitiririka, juu kuna mtu. Jana mlimsikia mpishi wa harusi akimwambia hivyo mgeni aliyesifu pilau, nanyi mkacheka kama mlioelewa. Leo mnaniuliza neno hilo limetoka wapi. Basi tulieni, maana limetoka katika mgongo wa mwanamke mmoja.

Lilianzia Mahande, kijiji cha milimani kule Upare, kwa Bibi Nakiete. Kitovu chake kilizikwa shambani, chini ya mgomba, na maisha yake yote hakuhama pale. Alizaa watoto tisa, akazika watatu, akalea wajukuu chungu nzima, wote kwa jembe moja la mpini mfupi. Hata alipokuwa kikongwe, kila alfajiri alitoka nalo, akarudi jua limepanda, matope magotini na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani.

Nyumbani walimtania. Mwanawe mkubwa, Eliakimu, hakuchoka kusema, "Mama, mbuzi wako wawili wanakula kuliko ng'ombe kumi!" Bibi alicheka tu, akaomba uji.

Mahande ilikuwa na mfereji uliochimbwa na mababu, ukileta maji kutoka chemchemi ya juu, mwendo wa saa nzima. Zamani pembe ilipigwa, watu wakatoka kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kwenda kuuzibua. Lakini miaka ikapita mfereji haujaziba hata siku moja. Watu wakaona, ya nini kujisumbua? Pembe ikatundikwa ukutani, buibui wakahamia humo. Walijisifu kwamba mababu zao walichimba mfereji usioziba. Uvivu nao haukosi sababu.

Mwaka mmoja Bibi akashikwa na kifua, akalala kitandani mchana kwa mara ya kwanza. Siku ya tano maji yakakatika. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yametoa maua. Bila maji, kijiji kingelala njaa. Wanaume hawakuuliza mara mbili. "Ni watu wa kijiji cha juu! Wametufungia!" Wakashika mapanga na marungu.

Naelijwa, binti wa Eliakimu, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa akimnywesha bibi yake uji waliposikia kelele.

"Wanakwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Kupigana, Bibi. Watu wa juu wametufungia maji."

"Hakuna aliyefunga. Chukua jembe langu, mjukuu wangu, uwatangulie. Ukifika kwenye mwamba utakuta udongo umeporomoka. Huporomoka kila siku."

"Umejuaje, nawe uko kitandani?"

"Kwa sababu niko kitandani."

Naelijwa akakimbia kwa njia ya mkato. Aliogopa, maana aliyewaongoza wenye mapanga alikuwa baba yake mwenyewe, na damu ikimwagika ni nani angeizoa? Kwenye mwamba alikuta vidato vimechongwa ukingoni, na mzizi wa mkuyu umelainika kwa kushikwa. Kuta za mfereji zilikuwa zimezibwa kwa mawe, udongo wa mfinyanzi na vipande vya kanga, kiraka juu ya kiraka. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, ukaenea sawasawa. Miaka yote ile, mtu mmoja! Na majani ya mbuzi kumbe yalikatwa njiani, wakati wa kurudi.

Wanaume walimkuta amezama matopeni, anachimba.

"Nani kafanya haya yote?" Eliakimu aliuliza.

"Mama yako, baba."

Alitaka kubisha. Ndipo akaona pindo la kanga nyekundu limechomoza kwenye udongo. Ilikuwa kanga aliyomnunulia mama yake kwa mshahara wake wa kwanza, ile iliyomfanya amnunie miezi mitatu akidhani ameigawa. Panga likamtoka mkononi. Alilia mbele za watu bila kujificha, kisha akaingia matopeni. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Alasiri Bibi akasikia maji yanapita nyuma ya nyumba.

"Nani yuko juu?" akauliza.

"Wote, Bibi," akajibu Naelijwa, aliyekuwa amerudi kumwangalia.

Akafumba macho, akalala usingizi mzito.

Alipona, akaishi miaka minne mingine. Pembe iliteremshwa ukutani na msaragambo ukarudi. Lakini mwamba haungoji msaragambo, kwa hiyo jembe la alfajiri alilichukua Naelijwa.

Usiku wa kuamkia mazishi ya Bibi ilinyesha mvua kubwa ya kuporomosha udongo. Hata hivyo watu walikuja kutoka kila upande, hata wale wa kijiji cha juu. Jeneza likateremshwa, Naelijwa haonekani. Shangazi zake wakaanza kunong'ona. "Mjukuu aliyelelewa kwenye mgongo wake, leo hata kiganja cha udongo hamtupii? Nendeni mkamlete!"

Eliakimu akainua mkono. Mferejini, chini kidogo ya makaburi, maji yalikuwa yakipita, yamejaa.

"Msimwite," akasema. "Mfereji unatiririka. Juu kuna mtu."

Umati wote ukasikiliza maji.

Naelijwa alifika kaburi limekwisha kufukiwa, matope magotini, mkononi ana bonge la udongo wa mfinyanzi kutoka mwambani. Akaliweka juu ya kaburi, akalikandamiza kwa kiganja, taratibu, kama alivyofundishwa kuziba.

Haya, nyinyi mliocheka jana. Mpishi yule aliamka kabla ya jogoo, akapuliza kuni mbichi hadi macho yakavimba. Kesho mkikuta chai mezani na ua limefagiliwa, kabla hamjaketi, ulizeni ni nani aliyeamka. Mfereji ukitiririka, juu kuna mtu.